Noti ya Tisa

4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute shingo imepona na mumeo Mzee Mkaguzi hajaanza tena kugombana na wauza nyama kuhusu mizani zao. Mtu amestaafu ukaguzi wa mizani lakini jicho bado liko kazini. Huku mimi mzima, ila baridi inanitafuna. Maabara wameniongezea kazi, sasa natengeneza meno bandia ya juu na ya chini, na jioni narudi na unga wa plasta mpaka ndani ya kucha. Mama nilizungumza naye Jumapili. Anasema magoti yanamsumbua, lakini mdomo haujambo. Yeye ndiye aliyeniambia simu huzitaki tena tangu daktari akutoe kile kivimbe cha kooni, basi nimeshika kalamu kama watu wa zamani.

Mzigo umefika. Kinanda cha marehemu Baba ulikizungushia sponji nyingi hivi kwamba mtu wa posta alidhani nimeletewa godoro. Hakina hata mkwaruzo, mikono yako ibarikiwe.

Sasa sikia kilichonipata. Nilikichomeka kwenye umeme, kile kioo chake chenye mistari miwili ya maandishi kikawaka, kikaniandikia kwamba betri imekufa. Vinanda vya dijitali vya wakati ule vina betri ndogo ndani, kama ya saa ya mkononi, na ndiyo inayoshikilia kumbukumbu. Ikifa, kila sauti uliyoitengeneza mwenyewe inaondoka nayo. Shangazi, nilikaa chini sakafuni. Sauti zote za Baba hazipo. Zimebaki zile za kiwandani tu, ambazo zimechomwa ndani ya chipu na hazifutiki hata ukitaka.

Unajua ninachokitafuta. Ni ile sauti ya katika wimbo wa bendi ya Baba, "Mlango wa Uani", pale bendi nzima inaponyamaza na kinanda kinabaki peke yake kinalia. Kuna kampuni huku inautoa upya kwenye santuri, na upande wa pili wananitaka mimi niupige kwa mtindo wangu, kwa kinanda chenyewe, niwakabidhi kabla ya Oktoba. Nimeshasaini. Nimejitapa kila mahali kwamba binti wa yule bwana anayo ile sauti. Bila hiyo sauti mimi ni fundi wa meno mwenye kinanda kibovu, na safari hii kila mtu atajua.

Usidhani nakidharau. Vinanda vya umeme vilivyotangulia dijitali vilikuwa vikilegea sauti joto likipanda, unavikaza katikati ya wimbo kama gitaa. Hiki ukikianika juani noti iko pale pale. Kengele zake ni safi mno. Lakini kukifundisha sauti mpya ni adhabu, kitufe kimoja kinafanya kazi ya vitufe hamsini, unachungulia kwenye kioo kama mtu anayesoma kupitia tundu la ufunguo. Na ile sauti yake ya kwaya ya kiwandani inachekesha. Wamerekodi kipande kifupi cha watu wakiimba "aa" kisha kinazungushwa bila kikomo, ukiishikilia unasikia inarudia kama feni yenye panga lililopinda.

Baba alifanyaje ikawa vile? Aliacha diski yoyote kwako? Wewe ndiye uliyekuwa karibu naye siku zile bendi ilipokuwa ikipiga hotelini. Nisaidie, Shangazi.

Mpwa wako,
Kidole

29 Machi

Mwanangu Kidole,

Marahaba. Barua yako niliipokea nikiwa na misumari ya kochi mdomoni, nikaisoma hivyo hivyo. Faida ya misumari ni kwamba hakuna anayekutegemea kuongea. Shingo imepona, kovu limejificha ndani ya kola. Sauti ndiyo haikurudi. Wateja wapya wananiita baba wakinisikia nje ya mlango.

Mkaguzi hajambo. Juzi alimwambia mwenye duka la mchele kwamba jiwe lake la mizani limechongwa chini, na kweli lilikuwa limechongwa. Kila siku baada ya chakula anaweka kanda ya kaka yangu na kufumba macho. Ikifika pale kinanda kinapolia peke yake ananyanyua kidole, hakuna ruhusa hata ya kukohoa. Husema, "Mashine haina tamaa, haina wivu, haitafuti kutazamwa. Ndiyo maana inaimba vizuri kuliko wanawake wote wa bendi." Nimelisikia neno hilo mpaka nalijua kama anwani yangu.

Diski hakuna. Kama ilikuwepo, unyevu umeshaila. Mimi ni fundi wa viti, mwanangu, nitajuaje habari za vinanda? Chukua sauti nyingine. Umesema mwenyewe kengele zake ni safi, basi piga kengele. Watu wakipewa kitu kizuri hawaulizi kilichokosekana.

Mama yako alikuja wiki iliyopita, tulikaa tukamsengenya mjumbe wa nyumba kumi mpaka jua likazama. Anakusalimu.

Shangazi yako

20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo, mimi mwili uko salama ila kichwa hapana, na utanisamehe nikiruka habari za hali ya hewa.

Kampuni wamenipa nakala ya kanda kubwa, ile yenyewe iliyorekodiwa hotelini Jumapili moja, mbele ya wateja. Ni safi mara kumi kuliko kaseti ya Mzee Mkaguzi. Nikachukua pale bendi inaponyamaza, nikaanza kutafuta noti moja moja na kuzipiga. Mkono wa kushoto unashika nne. Wa kulia unashika nne. Zote zinashikiliwa mpaka mwisho. Na juu yake kuna nyingine.

Shangazi, kinanda hiki kina uwezo wa noti nane kwa pamoja. Ndio mwisho wake. Ukibonyeza ya tisa kinaiua ya kwanza ili kipate nafasi, na unasikia kabisa shimo pale ilipokuwa. Nimejaribu mpaka vidole vimeuma. Kwenye kanda zinasikika tisa na hakuna iliyokatwa.

Nikajiambia labda walikuwa na vinanda viwili. Picha zote zinaonyesha kimoja. Nikaisikiliza ile ya juu peke yake kwa masikio yote. Inaanzia chini kidogo ya mahali pake, kisha inapanda mpaka inafika. Kinanda hiki hakijui kufanya hivyo kwa noti moja, ukikizungusha kile kigurudumu cha pembeni zinapanda zote kwa pamoja. Na kabla ya kuanza, kuna pumzi. Mtu anavuta hewa. Mashine haivuti hewa, Shangazi. Nilivua spika za masikioni nikaziweka mezani, nikawa naziangalia tu.

Kuna mwanamke ndani ya kinanda cha Baba.

Maisha yangu yote nimeiga mashine ambayo si mashine. Ile kwaya ya kiwandani ipo, ndiyo hizo nane, zimemfunika kama shuka. Aliyefunikwa ni nani? Kwa nini hayumo kwenye picha, hayumo kwenye orodha ya bendi, hayumo kwenye mdomo wa mtu yeyote? Mtu hamfichi hivyo mwanamke asiye na sababu ya kufichwa. Nimeanza kuwaza mambo ambayo binti hapaswi kuwaza juu ya baba yake. Niambie wewe kabla sijauliza kwingine.

Kidole

2 Juni

Mwanangu Kidole,

Marahaba, na usinione nimechelewa, posta ya hapa ina miguu mibaya. Hatujambo. Mvua ilikuwa nyingi, paa la karakana lilivuja juu ya kochi la daktari wa meno. Nilimwambia mpwa wangu ni fundi wa meno akanipunguzia maneno. Nimenunua cherehani nyingine, ya mguu, maana ile ya umeme ilikuwa ikirusha cheche. Binti wa jirani kaposwa na mchumba anayeongea kwa kupiga makofi.

Kuhusu lile ulilouliza. Kaka yangu alikuwa mtu safi. Waliolala waache walale. Na mama yako usimuulize chochote, tafadhali sana.

Kitambaa cha kochi nilichokuahidi nitakituma mwezi ujao.

Shangazi yako

15 Juni

Shangazi,

Barua yako imefika leo. Umechelewa. Mama nilishamuuliza, wiki nzima imepita.

Sikumuuliza kwa ubaya. Nilimpigia kumjulia hali, nikamsikilizisha ile sehemu kwenye simu, nikamwambia, "Mama, sikiliza hapa, kuna mtu anavuta pumzi, unamjua?"   Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza, "Ni mwanamke?" Nikasema ndiyo, na kwamba Baba hakuwahi kumtaja. Akakata.

Tangu siku ile hapokei. Nimempigia mama mwenye nyumba wake. Anasema Mama ameishusha picha ya Baba ukutani ameigeuzia uso kabatini. Ametoa kitanda kile cha ndoa nje, kimekaa uani kinanyeshewa. Alimwambia mama mwenye nyumba kwamba miaka yote ametandika meza na kumpikia mume huku hawara anaimba sebuleni kwake, tena yeye mwenyewe alikuwa akiongeza sauti ya redio.

Nimeduwaa, Shangazi. Mama yangu ana magoti mabovu, alibebaje kitanda? Ni mimi niliyempa nguvu hizo. Nikiwa kazini juzi nilipindua mdomo mzima wa mteja, meno ya chini nimeyaweka juu.

Kama unajua, sema. Kama hujui, niambie hujui, kwa maneno hayo hayo. Habari za mvua sizitaki tena.

Kidole

1 Julai

Mwanangu,

Salamu sina uso wa kuzituma leo, pokea tu hii barua.

Hawara hayupo. Ni mimi.

Barua yako nilipoisoma kuhusu kile kitanda uani nilihisi kama nimekanyaga msumari wangu mwenyewe. Nilidhani nimeificha siri isimuumize yeyote, kumbe nimemtegeshea wifi yangu. Kwa hiyo soma taratibu, nitasema yote.

Mkaguzi alipokuja kunichumbia alishasikia kwamba binti wa nyumba ile anaimba. Kusikia habari amesikia, kunisikia mimi hakuwahi. Akaweka sharti moja mbele ya wazee, kwamba mke wake hataimba mbele ya watu walioshika glasi. Wazee wakaitikia, nami nikaitikia, nilikuwa nampenda. Lakini koo halikuitikia, Kidole. Kuna siku nilikuwa nikipiga nyundo ili tu nisijisikie.

Kaka akanunua kile kinanda, sifa zake zikafika kabla hakijafika. Kila mtu alitaka kusikia kwaya iliyomo ndani ya mashine. Siku ya kwanza alipoipiga hotelini watu walicheka. Sauti ilikuwa kama mbu ndani ya debe. Aliporudi nyumbani alitia huruma. Mimi wakati ule nilikuwa na kazi ya kushona viti vya hoteli ile ile, kwenye stoo iliyo nyuma ya jukwaa, kati ya makreti ya soda. Akaja na kipaza sauti kimoja, akakitundika juu ya makreti, akaniambia, "Dada, pale tunaponyamaza, wewe simama juu yangu." Basi. Alizikandamiza nane zake, mimi nikasimama juu.

Nilitimiza sharti. Sikuimba mbele ya watu walioshika glasi, niliimba nyuma yao.

Ikawa kila Jumapili mchana. Viti vikawa havitoshi kuharibika, baba yako akawa anavunja kimoja kila Jumamosi ili nipate sababu ya kuja. Meneja alikuwa akishangaa wanene wanatoka wapi. Mkaguzi naye hakukosa hata Jumapili moja, mstari wa mbele, kiingilio amelipa, anajivunia mke mchapakazi yuko stoo. Watu wakipiga makofi alikuwa akigeuka nyuma kuwaeleza jinsi dijitali inavyofanya kazi.

Uongo wa siku moja unaweza kuutoa nje. Ukikaa miaka unakuwa samani ya nyumba, unajifunza kuupitia ubavuni bila kujigonga. Mama yako hakuwa akija, alikuwa na wewe mgongoni. Kaka alitaka kumwambia, mimi ndiye niliyemwapisha asimwambie mtu. Alikufa amenyamaza kwa ajili yangu, na leo picha yake iko kabatini.

Nilikwenda kwa wifi siku ile ile. Nilimwambia kama nilivyokuambia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Imba." Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni kiti kinachoburutwa kwenye saruji. Akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniua. Akasema, "Wifi, hata kumtetea kaka yako kuna mpaka." Akanifungulia mlango.

Ushahidi nilikuwa nao kooni, daktari kautupa kwenye ndoo. Wewe una mashine. Unaweza kunitoa humo ndani? Na ukiweza, Mkaguzi asijue. Ni mzee sasa. Sijui kitakachovunjika, yeye au mimi.

Shangazi yako

9 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo tena.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Nilikuwa nikikuuliza siri ya ile sauti, na siri ndiyo ilikuwa ikinijibu na misumari mdomoni. Nilipokuwa mdogo nililala mapajani mwako ukishona, wala hukuniimbia. Nimekaa na hilo siku nyingi, nimeshtuka na bado sijarudi sawa.

Nimekutoa. Tazama ajabu ya kinanda hiki, tulichokuwa tukikicheka ndicho kilichotusaidia. Mtu hawezi kupiga "aa" mbili zinazolingana. Hiki hakiwezi kupiga mbili zinazotofautiana. Ile kwaya ya mbu imechomwa kwenye chipu, ilivyolia siku ile hotelini ndivyo inavyolia leo mezani kwangu, hata betri ikiwa imekufa. Kwa hiyo nilizipiga zile nane upya, noti kwa noti, nikageuza mawimbi yake kinyume kwenye kompyuta, mlima ukawa bonde, nikazilaza juu ya zile za Baba. Sauti mbili zilizo sawa kabisa zikigeuziwana hivyo zinafutana. Kanda inayumba kidogo, ilinibidi kuvuta huku na kusukuma kule, na bado kuna mabaki. Unasikia glasi zikigongana na mtu anacheka. Lakini zile nane zilipozama, ulibaki umesimama peke yako.

Nililia mpaka jirani akagonga ukuta.

Kipande hicho kimo ndani ya kifurushi hiki, pamoja na kispika kidogo, unabonyeza kitufe cha kijani tu. Mama atakujua. Kuhusu Mzee Mkaguzi siwezi kukuamulia. Ila nyumba zenu ziko karibu, na Mama hana mdomo wa kufunga, unamjua kuliko mimi.

Kampuni nimewaambia sitaipiga noti ya tisa. Nitapiga nane, na mahali pake patakuwa wazi. Wamekubali. Wanauliza waandike nini kwenye kava. Nimewaambia wasubiri neno lako.

Mpwa wako,
Kidole

3 Septemba

Kidole wangu,

Marahaba, mwanangu. Kitambaa cha kochi kimo humu, usikate bila kupima.

Nilikaa na kile kispika kwenye droo ya misumari siku kadhaa. Nilikuwa na nafasi ya kukipeleka kwa wifi kimya kimya na kurudi nacho chini ya mtandio. Kisha nikafikiri, nikimpelekea kwa siri nitakuwa nimempa naye kazi ya kunitunzia siri, kama nilivyompa kaka, na ninajua ilivyomfanya kaka. Nikaenda kumchukua kwa teksi, magoti yake unayajua. Alikataa. Nikamwambia, "Ukisikiliza ukaniona bado mwongo, sitakanyaga tena kwako mpaka nife." Akavaa viatu.

Tulikuta Mkaguzi amemaliza kula, ameshanyoosha mkono kuchukua kaseti. Nikamwambia leo tuna nyingine, Kidole ametuma. Akafurahi, akafumba macho. Nikabonyeza.

Wifi hakungoja hata noti yenyewe. Ilipovutwa ile pumzi tu alinishika mkono, akaubana mpaka pete ikaniumiza. Tulipika jiko moja sisi, kabla hamjazaliwa, nikimuimbia akikuna nazi. Alishusha kichwa kwenye bega langu akalia kwa aibu na kwa raha, vyote pamoja. Jioni hiyo hiyo alirudisha picha ukutani. Kitanda kimevimba kwa mvua, nimeahidi kukitengeneza.

Lakini Mkaguzi, Kidole. Mkaguzi alifungua macho akaniuliza, "Huyu nani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilijiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kwa kilio. Sikuwaza kwamba mtu niliyelala naye ubavuni umri wangu wote atasikia sauti yangu tupu, bila shuka, na asiijue. Angeijulia wapi? Alinikataza kabla hajaisikia.

Akaendelea, na uso umemng'aa, "Kumbe kulikuwa na mtu? Na ana pumzi namna hii? Mwambieni Kidole amtafute huyo mama kama yu hai, nimpe mkono tu."

Nikasema, "Yu hai."

"Anakaa wapi?"

"Hapa."

Alimtazama wifi kwanza. Wifi akatikisa kichwa na kuninyooshea kidole. Mkaguzi akanitazama, kisha akakitazama kispika, kisha mimi tena, jinsi alivyokuwa akitazama jiwe la mizani lililochongwa.  Akachukua kofia akatoka. Alirudi usiku, akalala na nguo. Kesho yake hakula, kesho kutwa hakula, kaseti hakuigusa. Nyumba ilikuwa nzito, nikafanya kazi mlango wazi ili nisikie watu wa barabarani.

Siku ya tatu alikuja karakana akakaa kwenye kochi la watu, kitu ambacho hajawahi kukifanya. Akaniuliza mambo madogo madogo. Stoo ilikuwa na dirisha? Nikamwambia halikuwepo. Nilikuwa nimesimama au nimekaa? Nimesimama, mkono kwenye kreti. Nilikuwa nikimwona? Simwoni, lakini kikohozi chake nakijua, kila Jumapili nilikuwa nikisikia kikohozi chake kwanza ndipo najua wakati umefika.

Akasema, "Niimbie kidogo."

Nikamwambia, "Imekwisha. Ilikwisha ukiwa umelipa kiingilio."

Haikuwa nzuri, najua. Lakini ndiyo iliyotoka, na sikuirudisha. Akainamisha kichwa, akawa anachezea uzi wa kochi. Nikaendelea na kazi yangu.

Kwa hiyo kwenye kava andika jina langu, lile la kuzaliwa, yote matatu. Wasiweke "sauti", waweke "mwimbaji". Sijamuomba ruhusa. Nimemjulisha, akaitikia kwa kichwa.

Kabla hajaondoka karakana alikuwa na la mwisho. Akasema, "Jumapili zile tukirudi nyumbani, nilikuwa nakusimulia jinsi kinanda kilivyolia."

Nikasema, "Kila Jumapili. Mimi nikikupakulia chakula."

"Nilikuwa hata nakuigizia."

"Ulikuwa ukiniigizia."

"Na hukuwahi kucheka. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini mke wangu hapendi muziki."

Nikamwambia, "Nilikuwa nimechoka, baba. Nilikuwa nimetoka kazini."

Shangazi yako